Vipande Visivyohesabiwa

Siku ya pili ya Usingizi Mkuu, Dokta Edina Mhepela alikuwa na wanafunzi wanne darasani, na wawili kati yao walikuwa wameingia kukwepa mvua.

Hakuwalaumu. Chuo Kikuu cha Nyanda kilikuwa na kompyuta iliyoweza kuvunja vyuma laki moja kabla mtu hajamaliza kikombe cha chai, tena bila kuvunja chochote wala kumchafua mtu mikono. Wanafunzi wa uhandisi walijifunza vyuma kwenye kioo, wakafaulu kwenye kioo, wakaajiriwa. Maabara ya kuvunja chuma chenyewe ilibaki ghorofa ya chini na Edina ndani yake, kama kinu cha mahindi katika nyumba iliyokwisha kununua mashine. Hakuna anayekitumia, na hakuna mwenye roho ya kukitupa. Fundi wa mwisho alihamia Dodoma miaka mitatu iliyopita. Tangu hapo mtu wa kwanza Edina kumwambia habari za asubuhi alikuwa mashine ya kuvuta chuma, ambayo wazee wa maabara waliibatiza jina la Mavuta, na alikuwa amezoea kiasi kwamba hakuona tena kuwa ni jambo la kusikitisha.

"Mwalimu, na hiki pia," alisema Zubeda Lilanga, msichana mpole wa mwaka wa pili, akimnyooshea nusu mbili za sampuli.

Edina alizitazama akaguna. Sampuli ya kuvuta huchongwa pana kwenye ncha zote mbili na nyembamba katikati, ili ikivutwa ikatikie katikati. Taya za Mavuta huibana ncha zote mbili na kuvuta. Ikikatikia palepale taya zilipoibana, basi kosa si la chuma, ni la mshikaji: ameibana upande, au amekaza kupita kiasi. Sampuli hiyo haihesabiwi. Mwenye kosa huchukua msumari, akaichora herufi za jina lake, tarehe, na idadi ya siku ambazo chuma kilipumzishwa, kisha huitupa kwenye Pipa la Aibu mbele ya wenzake. Desturi hiyo ilianzishwa na Profesa Gaudensi Mtewele enzi zake, na kila mhandisi aliyetoka Nyanda alikuwa na kitu chake ndani ya pipa lile.

"Hii ya tano kati ya saba," Edina alisema. "Zubeda, unakaza kama mtu anayefunga mtungi wa gesi. Sogea nikuonyeshe."

Alichagua sampuli iliyopumzishwa siku tisini. Aliifuta, akaiweka katikati ya taya, akakaza kwa mikono iliyofanya kazi hiyo miaka kumi na minane. Wanafunzi walisogea. Hata wale wa mvua waliinua macho. Edina alibonyeza swichi, Mavuta akaanza kujikusanya, na kabla mshale haujaondoka kwenye sifuri chuma kililia pa, kikakatika.

Kilikatikia tayani.

Hakuna aliyecheka. Zubeda, bila ubaya wowote, aliokota msumari akampa kwa mikono miwili. "Na wewe unaandika, Mwalimu?"

"Naandika," alisema Edina. Akachora E.M. na tisini.

*

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Profesa Mtewele aliwazidi wahenga akili: aliunda chuma kinachojiziba chenyewe. Alikiita chumaponyo. Ndani yake kuna matone madogo ya madini laini, yaliyosambaa kama mafuta kwenye nyama. Mzigo ukikielemea chuma, kinapata nyufa ndogo kuliko unywele. Mzigo ukiondolewa, matone hutiririka polepole mpaka kwenye ufa, yakaujaza, yakaganda. Chuma hupona kwa kupumzika, kama mtu. Kwa hiyo madaraja yote ya chumaponyo nchini yalilala kila siku kuanzia saa sita hadi saa nane mchana, magari yakasubiri, watu wakala mihogo ya kukaanga pande zote mbili. Mara moja kwa mwaka yalilala siku tatu mfululizo, na huo ndio uliokuwa Usingizi Mkuu. Watoto waliozaliwa baada ya hapo waliona ni jambo la kawaida tu. Waliwahurumia babu zao waliovuka juu ya vyuma visivyolala.

Alhamisi mchana Edina alifunga mlango wa maabara na kulimwaga Pipa la Aibu sakafuni.

Ilimchukua saa nne kupanga. Sampuli mia nne na kumi na mbili, za miaka kumi na minane, kila moja na herufi zake. Alizipanga kwa siku za mapumziko, kuanzia mlangoni hadi dirishani. Zile zisizopumzika hata siku moja zilikuwa chache tu, zingetosha kwenye kiganja. Za siku tatu zilikuwa mstari. Za siku thelathini zilikuwa mistari mitano. Za siku tisini zilijaa mpaka zikamlazimu kusogeza kiti. Kama kosa lingekuwa la mikono ya wanafunzi, lingejigawa sawasawa, maana mkono mbovu haujui chuma kimelala siku ngapi.

Alikaa juu ya ndoo akatazama. Matone yanayoziba ufa lazima yatoke mahali fulani. Yalitoka wapi? Yalitoka pale chuma kilipobanwa, kwa sababu pale tu palikuwa na kubanwa mchana na usiku, hata mzigo ukiondoka. Kubanwa kuliyakamua. Kila chuma kilipolala, katikati yake ilipona kwa kunyonya ncha zake, nazo ncha zikabaki kavu. Kadiri kilivyolala zaidi ndivyo zilivyozidi kukauka. Na mvuto wa kwanza baada ya kuamka ndio uliokuwa hatari kuliko yote. Daraja la Nyambiso lilikuwa limening'inizwa kwa kebo nne za chumaponyo, na kila kebo ilibanwa ncha zote mbili na vishikio vya ukubwa wa tembo. Ndani ya kishikio hakuna jicho linaloona.

Sampuli za zamani kuliko zote zilikuwa na herufi E.M. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mwanafunzi wa shahada ya pili, na alizitupa mwenyewe pipani, thelathini na moja, huku Profesa akimtania kwamba ana mikono ya mpiga ngoma. Nyingine tisa tu ndizo zilizokatikia katikati. Chapisho lililoifanya dunia iijue Nyanda liliandikwa kwa zile tisa, na daraja lilijengwa kwa chapisho hilo. Hakuna aliyedanganya. Hilo ndilo lililomuuma, kwamba hakuna aliyedanganya hata kidogo, wote walifuata kanuni.

Na mwaka huu yeye mwenyewe, kwa wema tu, alikuwa ameishauri Mamlaka ya Madaraja iongeze siku ya nne ya Usingizi Mkuu. Kupumzika hakujawahi kumdhuru mtu, aliandika.

Simu ililia. Alikuwa Mama Felista, mke wa Profesa.

Kwao Nyambiso ni ng'ambo ya korongo, na hospitali ni upande huu. Figo za Mama Felista zilikuwa zimechoka. Mara tatu kwa wiki alivuka daraja kwenda kusafishwa damu, na kila mara alipitia kwa Edina na ndizi, au na maneno. Edina hakuwa na mume, mama yake alikuwa amekufa, na ndugu zake walikuwa wamemzoea kwa salamu za sikukuu. Mama Felista ndiye aliyemuuguza homa ya matumbo alipokuwa mwanafunzi. Ndiye pekee aliyebaki kumuuliza amekula nini.

"Umekula nini?" aliuliza Mama Felista.

"Shikamoo Mama. Nimekula."

"Unadanganya. Sikia, mwanangu, mimi mwaka huu nimejiponza. Kila Usingizi Mkuu nalala kwako, unajua. Safari hii nikasema siku tatu si kitu, nirudi nimwone mjukuu anapata kipaimara. Kumbe wameongeza moja. Miguu imejaa kama mikate. Lakini kesho saa mbili wanafungua, tutakuwa wa kwanza getini, mimi na mzee wako."

Edina alitazama vyuma vilivyojaa sakafuni. Ilikuwa saa kumi jioni. Njia ya kuzunguka korongo ilikuwa ya saa tisa, vumbi na mawe, lakini mtu akiondoka sasa angefika kabla ya mapambazuko.

"Edina? Mbona kimya?"

"Nipo, Mama. Kazi tu."

"Haya. Ule."

Alisema nafsini mwake kwamba anataka kuhakikisha kwanza. Alikuwa mtafiti, na mtafiti hapigi kelele kabla ya kuhakikisha. Hiyo ni kweli, lakini haikuwa kweli yote. Aliona aibu. Aliona aibu kumwambia mama yule kwamba daraja la mumewe ni bovu, na kwamba mwanafunzi kipenzi ndiye aliyetupa ushahidi pipani. Alivunja sampuli nyingine tatu. Zote zilikatikia tayani.

*

Daraja haliamki hivihivi. Baada ya Usingizi Mkuu mkuu wa maabara ya Nyanda hutia sahihi hati ya kuamka, ndipo geti hufunguliwa. Miaka saba Edina alikuwa ameitia akiwa amesimama, kalamu ya kuazima, huku akiulizana habari na walinzi.

Ijumaa hiyo saa moja na nusu magari yalikuwa yamejipanga hadi kwenye kona ya soko. Malori ya viazi, mabasi mawili ya mahujaji, pikipiki zisizohesabika. Injinia Kasmiri Ngoda wa Mamlaka ya Madaraja, mtu mnene mwenye moyo mzuri, alimpokea na hati mkononi.

"Dokta, umechelewa leo. Watu wana njaa ya kuvuka."

"Sisaini, Injinia."

Ngoda alicheka, kisha akaona uso wake akaacha. Edina alimweleza pale pale kando ya geti, kwa maneno machache, akamwonyesha sampuli sita alizozifunga kwenye kanga. Ngoda alizigeuzageuza.

"Vipima vyangu vyote vinasoma kijani," alisema. "Kebo ziko kama siku zilipotundikwa."

"Vipima viko katikati ya kebo. Katikati ni pazima. Fungua vishikio utazame."

"Kufungua kishikio ni siku sita na kreni kutoka Makambako. Una uhakika?"

"Sina."

"Dokta, huna uhakika, na mimi nina watu elfu mbili upande huu, na ng'ambo sijui wangapi."

"Ndiyo maana sisaini," alisema Edina.

Ngoda alifuta jasho. Hakuwa mtu wa kubishana na kanuni: bila sahihi, daraja bado limelala. Akaenda kuwatangazia watu, na makelele yakaanza. Mwanamke mmoja mwenye vikapu vya nyanya alipita mbele ya Edina akasema kwa upole uliomchoma, "Wasomi mna shida gani na sisi?"

Kisha simu ikalia. Ng'ambo ya korongo, mita mia mbili na arobaini, gari jeupe lilisimama la kwanza getini. Edina aliweza kumwona mzee mrefu amesimama kando yake, simu sikioni.

"Shikamoo Profesa."

"Marahaba. Kuna nini huko? Mama yako hali yake si nzuri."

Alimwambia. Alimwambia kama alivyofundishwa naye, kwanza idadi, kisha mpangilio, kisha maana. Mzee hakumkatiza. Korongoni chini mto ulikuwa umejaa, na sauti yake ilisikika kwenye simu na nje ya simu pia.

"Za siku nne au zaidi ni ngapi?" aliuliza mwishowe.

"Mia tatu na sita."

"Kati ya hizo, zilizokatika mvuto wa kwanza?"

"Zote nilizozivunja mimi. Za wengine hazikuandikwa. Hatukuwaambia waandike."

"Sikuwaambia," alisahihisha Profesa. "Edina, gari moja. Sisi wawili na dereva, tani mbili hazifiki. Hata tukishuka nikambeba mgongoni. Kebo ile inabeba uzito wa daraja lenyewe sasa hivi na haijakatika. Wewe unajua kuhesabu. Hatari ya kumpitisha mtu mmoja ni ndogo."

"Ni ndogo, Profesa."

"Basi?"

Alikuwa amekwisha kuhesabu, usiku kucha hakuhesabu kingine. "Wakikuona wewe unapita, wewe uliyelitengeneza, nani atamzuia mwingine? Geti likifunguka kwa mmoja limefunguka. Malori yako nyuma yako. Na nyuma yangu kuna mabasi mawili."

"Ndege ya hospitali?"

"Nimeshapiga. Iko Songea, injini imefunguliwa kwa matengenezo."

Edina alimwona Profesa akiinama dirishani mwa gari, akisema kitu. Kisha sauti ikawa nyingine, nzito na ya taratibu, kama ya mtu anayeongea akiwa amelala.

"Mwanangu. Anasema daraja limeharibika."

"Sijui, Mama. Nadhani limeharibika."

"Ulijua jana nilipokupigia?"

Edina angeweza kusema hapana, na mama yule angeamini. Upande huu watu walikuwa wakimpigia honi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa upande wake.

"Nilijua, Mama. Nilitaka kuhakikisha. Tena niliona aibu."

Alisikia pumzi zake. "Ungeniambia tu," alisema Mama Felista. "Tungekwenda usiku, tukiimba."

Simu ikakatika. Gari jeupe lilirudi nyuma, likageuka kwa shida kati ya malori, likashika njia ya kuzunguka korongo. Vumbi lake lilionekana mlimani kwa muda mrefu. Edina alibaki getini hadi jioni, kwa sababu Ngoda alisema watu wanatulia wakimwona yupo, na kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Hakuna aliyemkaribisha chai.

Mama Felista alifariki saa ya tatu ya safari, kwenye mteremko, daktari akiwa bado mbali.

*

Siku sita baadaye kishikio cha kwanza kilifunguliwa. Kebo ilikuwa na nyaya sitini na moja. Kumi na moja ndizo zilizokuwa nzima. Nyingine zilikuwa zimekatika ndani ya kishikio, safi, kama zilizokatwa kwa msumeno, na katika kishikio cha pili zilibaki nane. Injinia Ngoda alitoka nje akatapika. Aliporudi alimshika Edina mkono kwa mikono yake yote miwili.

Habari zilienea nchi nzima. Madaraja kumi na tisa yalifungwa. Mwanamke wa nyanya alionekana kwenye taarifa ya habari akilia na kumwita Edina malaika. Chuo kilimwahidi mafundi wawili na rangi mpya ukutani, na wanafunzi sabini walijiandikisha kuvunja vyuma kwa mikono yao. Maabara ilijaa kelele, Zubeda akawa ndiye anayewaonyesha wengine namna ya kukaza. Edina aliwafundisha vizuri. Akirudi nyumbani alikula akiwa amesimama.

Msibani hakwenda. Hakuitwa, naye hakupata ujasiri wa kujiita. Aliandika barua nne akazichana, maana kila moja ilianza kwa kueleza kwamba alikuwa na haki, na haki ilikuwa kitu cha mwisho alichotaka kumpelekea mzee yule.

Siku ya thelathini na nane simu ililia.

"Shikamoo Profesa."

"Marahaba. Nimesoma ripoti yako. Ukurasa wa nne umeandika kwamba kanuni ilikuwa ya maabara. Andika ilikuwa ya Mtewele. Nakala inayokwenda kwa wengine iwe na jina langu."

"Na langu, Profesa. Thelathini na moja zilikuwa zangu."

"Na lako." Alikohoa. Nyuma yake kulikuwa na sauti za wanawake wanaochambua mchele. "Jumamosi tunafanya arobaini yake. Watoto wamekuja wote. Kuna pengo lako mezani na kila mtu analiona."

Edina alivuta kiti akakaa.

"Mamlaka wanasema watakuleta kwa ndege ya hospitali," aliendelea Profesa. "Imeshapona, wanasema. Dakika kumi na mbili, na waandishi wa habari juu yake."

"Wameniambia."

"Uje, Edina. Lakini uje kwa njia ndefu."

Jumamosi saa kumi alfajiri alipanda gari la abiria lililozunguka korongo. Alikaa kiti cha nyuma, pale barabara inapoumiza zaidi, na hakusoma wala hakulala. Saa ya kwanza aliona mashamba ya chai, saa ya nne hakuona kitu kwa vumbi. Saa ya saba gari lilifika kwenye mteremko ule alipofia Mama Felista. Alimwomba dereva asimame. Abiria walinung'unika kidogo, kisha wakanyamaza, maana yule mwanamke alishuka bila kusema anashukia nini, akasimama pembeni mwa barabara mahali pasipo nyumba wala mti, akafungua mfuko wake, akala.